Kinyumenyume Kwenda Mahakamani

Tulipoachana wiki iliyopita, gari lilikuwa linarudi nyuma.

Bado linarudi. Shemeji kakanyaga mafuta mpaka zulia, injini inalia kama mtoto aliyefinywa, na gari linateremka mlima tuliotaka lipande. Nyuma yetu kuna lori la mawe. Ndani tuko watatu, pamoja na mota ya kilo tisini kwenye buti.

"Breki, shemeji."

"Nimeshika."

"Shika na nyingine."

Akavuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Gari likapunguza mwendo, halafu likaendelea na safari yake. Nikafungua mlango, nikaruka, nikaokota jiwe la kwanza nililoliona nikalisukumiza chini ya tairi la nyuma. Tairi likapanda kidogo juu ya jiwe, likafikiri, likakubali.

Kati ya buti letu na bampa ya lori ungeweza kupitisha mkono. Bega lisingepita.

Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani. "Wakubwa, gari zuri hilo. Linakodishwa pamoja na wasukumaji?"

Nilikuwa natazama saa. Saa saba kasoro dakika tano.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita nitasema mara moja tu, maana hatuna muda. Mdogo wangu, mwendesha lifti ya mizigo katika ghala la nafaka, yuko kizimbani. Lifti ilishuka yenyewe kutoka ghorofa ya nne, ikamuua mbeba mizigo mmoja. Mwenye ghala anadai mdogo wangu alizidisha mzigo. Sisi tunasema mwenye ghala alitoa mota ya nguvu za farasi kumi akaweka ya farasi wanne, kisha akanyamaza. Hakimu ametamka: shahidi wa utetezi asipofika leo saa nane mchana, ushahidi wa utetezi unafungwa. Ukifungwa bila shahidi, mdogo wangu anakwenda jela kwa kifo ambacho hakukisababisha.

Mwenye ghala tunamwita Bwana Rangi. Huyu hatengenezi kitu, anapaka.

Nimekuwa fundi wake miaka kumi na minane na nakumbuka kila kopo. Mwaka wa mvua kubwa bomba lilipasuka, akalipaka. Mwaka uliofuata ngazi ya nyuma ilioza, akaipaka, na mama mfagiaji akavunjika nyonga juu ya rangi mbichi. Tulipogoma kwa sababu ya vyoo, tulirudi kazini tukakuta vyoo vimepakwa, na maji hakuna. Rangi yake ni moja siku zote: kijani cha embe bichi. Ananunua kwa pipa.

Hata ile mota ndogo aliipaka kijani ili ifanane na ile kubwa. Ndiyo hiyo iliyokuwa kwenye buti letu. Niliichomoa kwa mikono yangu kwenye lundo la vyuma chakavu.

Na shahidi alikuwa amekaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, akipangusa shingo kwa leso. Ni Bibi Stoo, mtunza stoo wa miaka thelathini na miwili. Yeye ndiye aliyeipokea mota ndogo, akaiandika kwenye kitabu cha stoo, na Bwana Rangi akatia saini pembeni. Kitabu nilikuwa nacho mimi, ndani ya shati, kimebanwa na mkanda wa suruali.

Jueni na hili: binti wa Bibi Stoo anakaa na mumewe katika nyumba ya Bwana Rangi, na mume huyo ndiye dereva wa Bwana Rangi. Kwa hiyo mama huyu alipokubali kuja, nilimwona jasiri kuliko kamati yetu yote ya wafanyakazi, ambayo siku hiyo ilikuwa na mafua.

Sasa hili gari.

Asubuhi, kwenye yadi ya magari ya kukodi, lilikuwa limesimama mbele ya mengine kama bwana harusi. Refu kwenda juu, matairi manene, vyuma viwili vya fedha juu ya paa, viti vya ngozi. Kwenye dashibodi kuna skrini kubwa kama kibao cha mwanafunzi, inayokuonyesha kila kitu kilicho nyuma yako. Mgongoni limeandikwa 1.5 kwa herufi za kung'aa. Kwenye barabara ya tambarare lilikwenda vizuri mpaka shemeji akaanza kupiga mluzi.

Kisha tukafika kilima cha kwanza, mluzi ukakoma.

Ukikanyaga mafuta, sauti inakuja kwanza. Unangoja. Sauti inapanda, mshale wa mizunguko unapanda, kila kitu kinapanda isipokuwa gari. Gia inajibadilisha yenyewe, inajuta, inarudi ilikotoka. Trekta lilitupita. Baada ya trekta, trela ya trekta ikatupita, na aliyekaa juu ya trela akatupungia mkono. Gari lile lilikuwa na kifua cha mpiga ngumi na mapafu ya mgonjwa wa kitandani.

Na aibu yenyewe naitaja mimi, asije akaitaja mwingine. Fundi wa lifti na dereva wa lori mstaafu walikodi gari bila kufungua boneti. Sisi, watu wa kufungua kila kifuniko. Kwa nini? Kwa sababu tulivaa mashati meupe ya mahakamani. Nilikwisha nyoosha mkono kwenye boneti, Bibi Stoo akanishika kifundo cha mkono kwa upole.

"Baba, utachafua shati. Hakimu anatazama shati kwanza."

Nikaona amesema kweli.

Haya, turudi mlimani.

"Zima kiyoyozi," nikamwambia shemeji.

"Nilishazima tangu kwenye trekta."

"Punguza mzigo. Mimi natembea."

Nikatembea. Gari likaanza kupanda. Baada ya hatua ishirini nikagundua nimelipita. Nikasimama kulingoja, na lenyewe likasimama kuningoja. Nikatia jiwe tena.

"Bado kuna mzigo," alisema shemeji, na jicho lake likaenda kiti cha mbele, likatoka haraka.

"Nimekuona," Bibi Stoo akamwambia. "Unataka nishuke. Magoti haya yakishuka kwenye mlima, hayapandi. Mtanibeba nyie? Na hizo kilo tisini zenu za buti mtambebesha nani?"

"Mama, mimi sikusema kitu."

"Umesema kwa jicho."

Simu yake ikalia. Akaitazama, akapokea, akasikiliza, akakata. Uso wake ulikuwa mzito.

"Mkwe wangu," alisema. "Anauliza kama gari limegoma."

Tukatazamana.

"Amejuaje?" nikauliza.

"Hata mimi nashangaa, baba. Mimi simu yangu ilikuwa mkobani." Naye akamtazama shemeji, kwa huruma.

Hapo damu ilinipanda. Nikaenda mbele nikafungua boneti, shati au bila shati.

Wasomaji, mlikwisha jua. Kijani cha embe bichi.

Injini yote ilikuwa imepakwa, mpaka vichwa vya boliti. Nikakwangua ubavu wake kwa ufunguo wa nyumbani, namba zikatokea: 998. Hiyo si lita moja na nusu iliyoandikwa mgongoni. Hiyo ni lita moja kasoro, pistoni tatu, moyo wa kigari cha kwendea sokoni umetiwa ndani ya kifua hiki. Fundi aliyefanya kazi hiyo nilimjua kwa mkono wake: aliacha mchirizi wa rangi kwenye mpira wa maji, kama alivyouacha kwenye waya wa mota.

Kwa hiyo yadi ile ilikuwa ya Bwana Rangi. Kwa hiyo tulikuwa tunakwenda kumshitaki mtu kwa gari lake, nalo lilikuwa linafanya kile kile ilichofanya lifti yake.

"Shemeji," nikasema. "Nani alituleta yadi ile?"

"Mimi. Si unajua ni mimi."

"Kwa nini ile, na yadi ziko tano?"

"Niliambiwa ni ya uhakika."

"Uhakika. Jenereta ya harusi yangu nayo ilikuwa ya uhakika. Ilizima kabla dada yako hajaingia ukumbini, nikaoa kwa kurunzi. Pikipiki uliyoniuzia ilikuwa ya uhakika, siku ya tatu polisi wakaja kuitazama. Nakumbuka yote, shemeji, usidhani."

"Jenereta ilikuwa na maji kwenye mafuta."

"Na leo? Leo nani ana maji? Mkwe wa mama amejuaje tumegoma? Humu ndani wenye simu ni watatu."

Shemeji akaweka mikono kiunoni. Ana miaka hamsini na nane, na sijawahi kumwona machozi yakimlengalenga mpaka siku ile. "Unasema mimi nimemuuza mdogo wako? Mtoto niliyemfundisha kuendesha baiskeli? Niulize aliyenielekeza yadi ile. Niulize."

Nilifungua mdomo nimuulize.

"Wanangu," Bibi Stoo akaita kutoka garini, "saa saba na dakika tano. Mtu atafungwa huku mnabishana jenereta."

Nikafunga mdomo. Maneno yale yalikuwa ya haki, na nikaona haya.

Lori likapiga honi moja fupi. Shemeji akaliangalia lori, akaliangalia gari letu, akauangalia mlima. Kisha akatabasamu kama mtu aliyekumbuka alikoficha ufunguo.

"Tunapanda kinyumenyume," alisema.

"Nini?"

"Gia ya nyuma ndiyo fupi kuliko zote. Haina mbio, ina nguvu. Mwaka ule daraja lilipobomoka nilipandisha lori la saruji hivyo hivyo, kilomita nne, shingo imegeuka kama bundi." Akagonga kioo cha dirisha. "Na hili lina kamera. Sitageuza hata shingo."

Dereva wa lori, alipoelezwa kesi yetu na mpango wa shemeji, alicheka mpaka akazima injini. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau: akarudisha lori nyuma, akalikingamisha katikati ya barabara, akazuia magari yote mpaka tukageuka. "Nendeni," alisema. "Na huko mkifika, mseme na barabara hii imepakwa tu."

Shemeji akatia gia ya nyuma. Akakanyaga.

Gari likapanda.

Lilikuwa linanguruma kwa sauti moja, nyembamba, ya kuudhi, lakini lilipanda. Kasi ya mtu anayekimbilia mvua isimkute. Shemeji macho kwenye skrini ile niliyokuwa nimeitukana tangu asubuhi, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Mimi kiti cha nyuma, nikitazama mota isihame. Na Bibi Stoo mbele, uso umeelekea bondeni tulikotoka.

Waliokuwa wakiteremka kwa miguu walisimama kutazama. Mwanamke mwenye beseni la nguo kichwani alituuliza kama tumesahau kitu nyumbani. Sikujali. Kwa mara ya kwanza siku ile kitu cha Bwana Rangi kilikuwa kinafanya kazi, na kilifanya kwa sababu tumekitumia jinsi asivyotaka.

Furaha yetu ilidumu kilomita tatu.

"Kuna gari linakuja kutoka chini," alisema Bibi Stoo.

Pikapu nyeupe ya viti viwili. Hiyo ilikuwa na injini ya kweli, ilikula kona kwa kona. Ikatufikia, na kwa kuwa sisi tulikuwa kinyumenyume, pua yake ikakutana na pua yetu. Tukapanda mlima tukiwa tumetazamana kama watu wawili kwenye meza ya chai.

Kwenye usukani alikuwa mkwe.

Akawasha taa mara mbili. Akapiga honi. Akaingia upande wa pili atupite, na nikaona kabisa anachotaka: atupite, akae juu yetu, atufungie njia.

"Shika katikati, shemeji."

"Nashika. Lakini yeye ana nguvu, mimi nina kelele tu."

Ndipo Bibi Stoo akainua mkono. Akaweka kiganja wazi mbele ya kioo, akamkazia macho mkwe wake. Yule kijana akainamisha uso. Pikapu ikapunguza mwendo, ikabaki nyuma mita hamsini, ikatufuata taratibu kama ng'ombe aliyekemewa.

Shemeji alipiga usukani kwa furaha. "Mama, hiyo ndiyo heshima ya ukwe. Ungekuwa askari wa barabarani tungefika jana."

"Mkwe hawezi kunipita," alisema Bibi Stoo. Hakucheka.

Saa saba na dakika arobaini tukafika njia panda. Hapo mlima unapumzika kidogo. Kulia ni kilomita mbili za mwisho, kali kuliko zote, na mahakama iko juu yake. Kushoto barabara inazunguka na kuteremka moja kwa moja hadi ghalani. Na hapo hapo rejeta yetu ikapiga mluzi, mvuke ukajaa kioo chote.

"Dakika tano ipoe," alisema shemeji. "Nikitia maji sasa, naua injini."

Pikapu ikasimama ubavuni. Mkwe akashuka. Hakututazama sisi. Akasimama upande wa Bibi Stoo, macho kwenye viatu vyake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Nimetumwa nikurudishe."

"Na wewe mwenyewe unasemaje?"

"Mimi nasema hili halifiki, mama. Njoo kwangu, nikupeleke mahakamani. Nimechoka kumwendesha yule mtu."

Nilimtazama vizuri. Mimi sisahau. Kijana huyu aliandika maelezo polisi kwamba lifti ilikuwa nzima asubuhi ile, na siku ile hakuwepo kazini, alikuwa amempeleka Bwana Rangi kwa daktari wa meno. Nikamwambia hayo, mbele ya mama mkwe wake. Alizidi tu kutazama viatu.

"Twende wote," nikasema. "Mimi nitapanda nyuma."

"Na mota?" aliuliza Bibi Stoo. "Mtu mmoja hawezi kuishusha mbele ya hakimu. Nyie wawili bakini na mota, gari likipoa mje. Sisi tutangulie. Hivi vitu visitembee pamoja, baba. Kimoja kikikamatwa, kingine kifike. Si wewe uliyetufundisha hivyo wakati wa mgomo wa vyoo?"

Ni mimi. Nilifurahi hata kwamba alikumbuka.

Shemeji akamfungulia mlango. Akamshusha, mguu mmoja, kisha mwingine, akampandisha kwenye pikapu kwa heshima zote. Bibi Stoo akanyoosha mkono dirishani.

"Kitabu."

Nikasita. Kitabu kilikuwa kimekaa tumboni kwangu kutwa nzima, kimelowa jasho langu.

"Baba, kitabu bila mimi ni karatasi. Na mimi bila kitabu ni bibi kizee anayeropoka. Saa nane kasoro robo."

Nilimfikiria mdogo wangu. Angekuwa ameshatolewa kwenye chumba cha mahabusu, amekaa kwenye benchi, anatazama mlango. Kila mlango ukifunguliwa anainua kichwa.

Nikafungua kifungo. Nikampa.

Pikapu ikaondoka kwa nguvu iliyonitia wivu. Mita mia mbele, kwenye mgawanyiko, ikapunguza mwendo.

Simu ikalia ndani ya gari letu.

Ilikuwa juu ya kiti cha mbele, alipokuwa amekaa Bibi Stoo. Ilimdondoka aliposhuka. Nikaiinua nimwite, nimwambie amesahau. Kwenye kioo chake paliandikwa neno moja: Tajiri.

Nikapokea. Sikusema kitu.

"Mama," ilisema sauti ninayoijua kwa miaka kumi na minane, tulivu, imeshiba. "Pole na safari. Kitabu umeshakipata?"

Kule mbele taa ya pikapu ikawaka. Ya kushoto. Kama yule ng'ombe aliyekemewa, taratibu, pikapu ikakata kona kwenda ghalani.

Nilishusha simu. Nikalitazama shati langu, jeusi kwa grisi, kijani kwenye mkono wa kulia, na nikakisikia kile kiganja kwenye kifundo changu kule yadini. Utachafua shati, baba. Nikakiona kile kiganja kingine, wazi mbele ya kioo, nilichodhani kinamkemea mkwe. Alikuwa anamwambia angoje.

Mimi nisiyesahau kopo la rangi, sikumuuliza shemeji swali lile.

"Yadi," nikamwambia. "Aliyekuelekeza yadi ni nani?"

Shemeji alikuwa ameinama kwenye rejeta na chupa ya maji. Hakuinua kichwa.

"Huyo mama," alisema. "Nilikuwa nakwambia."

Sauti ya Bwana Rangi bado ilikuwa mkononi mwangu, ndogo, inaita mama, mama. Nikaizima. Saa nane kasoro dakika kumi na tatu. Shahidi hatuna, kitabu hatuna. Kwenye buti tuna kilo tisini za kijani ambazo hazijui kuapa.

"Shemeji, nisamehe jenereta."

"Panda," alisema, akafunga boneti kwa kiwiko, akaingia kwenye usukani na kuwasha skrini. Mlima wa mwisho ukatokea juu yake, umesimama wima. "Panda tuipeleke hiyo mota, ikaseme yenyewe."

Akatia gia ya nyuma.